Ile hoteli ya pembetatu pale Denver, Brown Palace: nani anajua historia yake na kwa nini imejengwa vile?

nuru_wa_aurora

Habari za jioni wadau. Naomba kuuliza kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu jumamosi. Niko huku Colorado mwaka wa nne sasa, na kila nikishuka mjini Denver napita pale Broadway inapokutana na 17th Street, kuna jengo la mawe mekundu yaliyopauka limekaa kama pasi ya mkaa iliyowekwa chini, kona zake zimeviringishwa, madirisha mengi ya upinde. Miaka yote nilijua ni ofisi za serikali nikawa napita tu.

Sasa shangazi yangu kaja kututembelea, tumepita naye pale akaniuliza hii nini, nikasema sijui, akasema basi tuingie tukajue. Kumbe ni hoteli, Brown Palace. Tumeingia hatuna hata hela ya chai ya mle ndani lakini hakuna aliyetuuliza kitu, tukasimama katikati. Aisee. Ukiangalia juu unaona ghorofa nane za korido zimezunguka, kila moja ina vyuma vyake vya nakshi, na huko juu kabisa dari ya vioo vya rangi, mwanga unashuka umekuwa wa njano njano mpaka sakafuni. Nguzo na kuta za chini ni jiwe fulani lina rangi ya asali lina michirizi kama mbao. Shangazi akaweka kiganja chake kwenye nguzo akakiacha pale muda mrefu, halafu akaniambia "mwanangu, hii nyumba wameiacha tumbo wazi makusudi, na aliyeiacha hivi alikuwa na akili sana".

Sasa maswali yangu. Kwanini pembetatu? Kwanini katikati wameacha wazi hivyo wakati wangeweza kujaza vyumba wakapata hela zaidi? Na huyo Brown ndo mume wa yule mama wa Titanic aliyepona au? Shangazi ananiuliza kila siku na mimi sina jibu.

fundi_ramani

Dada Nuru umeuliza kitu kizuri sana, na shangazi yako ana jicho. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za majengo na hilo jengo nimelizunguka si chini ya mara kumi, ngoja nijaribu.

Pembetatu haikuwa mapambo wala mbwembwe ya mchoraji, ni kiwanja ndo kiko hivyo. Fungua ramani ya Denver kwenye simu yako uangalie katikati ya mji. Mitaa ya zamani yote imelala mshazari, kwa sababu waanzilishi walipoipima walifuata mito miwili, Cherry Creek na South Platte. Ukitoka nje ya hapo mitaa yote inanyooka kaskazini kusini mashariki magharibi. Broadway ndo mpaka wa hizo ramani mbili. Kwahiyo pale zinapogongana vinabaki vipande vya ardhi vya pembetatu, na kimojawapo ndo hicho, kati ya Broadway, 17th na Tremont. Watu wengi wangeona kiwanja kibaya. Mchoraji wake Frank Edbrooke akakifuata kilivyo, jengo likachukua umbo la ardhi yake, na zile kona tatu akaziviringisha badala ya kuziacha kali, ndo maana jicho lako halikwami popote ukilizunguka.

Sasa hilo la tumbo wazi ndo penyewe. Fikiria una pembetatu nene ya ghorofa nyingi na unataka kuweka vyumba vya wageni. Ukijaza yote, vyumba vya katikati vitakuwa giza, havina dirisha, havina hewa, na tunaongelea mwaka 1892, taa za umeme bado ni kitu kipya na kiyoyozi hakipo duniani. Mgeni anayelipa vizuri hatakubali kulala stoo. Edbrooke akafanya hivi: vyumba vyote akavisukuma nje viangalie barabara, kila chumba kipate jua, korido akazileta ndani, na katikati akaacha uwazi uliofunikwa kwa vioo ili hizo korido nazo zipate mwanga. Kwahiyo ule uwazi haukula vyumba, uliokoa vyumba. Huwa nawaambia vijana ninaofanya nao kazi, ukiona nafasi tupu kwenye jengo zuri usiseme imepotea, uliza inamfanyia kazi nani.

Mawe ya nje sehemu ya chini ni graniti nyekundu ya hapo hapo Colorado, juu ni mawe ya mchanga kutoka Arizona. Lile jiwe la asali la ndani ni oniksi, ilitoka Mexico, na walitumia kama futi za mraba 12,400, ni nyingi mno. Siku ukirudi angalia ile michirizi, utaona mahali pengine vipande viwili vimewekwa ubavu kwa ubavu michoro ikaelekeana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa na jiwe akaligeuza geuza mpaka akaridhika.

BintiKumbukumbu

Naomba nijibu la Brown maana hili linachanganya watu kila siku.

HAPANA, sio mume wa mama wa Titanic. Yule mama ni Margaret Brown, mumewe J.J. Brown alipata utajiri kwenye migodi ya Leadville, nyumba yao iko Denver mpaka leo ni makumbusho. Mwenye hoteli ni Henry Cordes Brown, hawana undugu. Kinachochanganya ni kwamba Margaret aliporudi Denver baada ya Titanic mwaka 1912 alifikia hoteli hiyo hiyo, basi watu wanasikia Brown na Brown wanaunganisha.

Henry Brown alikuwa seremala kutoka Ohio. Alifika Denver 1860, inasimuliwa kwamba alikuwa anaelekea California na mke wake ndo aligoma, akasema mimi nimeshafika siendi tena mbele. Akachukua ardhi ekari 160 kwenye kilima kilichokuwa hakina mtu, nje ya mji kabisa wakati huo. Na hapa naongezea la fundi_ramani, ni huyu huyu Brown alipopima ardhi yake mitaa akainyoosha kwa dira badala ya kufuata mito, kwahiyo ile pembetatu yeye mwenyewe alichangia kuizalisha! Kile kipande alikuwa analishia ng'ombe wake.

Mwaka 1868 akatoa ekari 10 bure zijengwe makao ya serikali, ile Capitol yenye kuba la dhahabu unayoiona kutoka pale. Alijua Capitol ikija ardhi yake iliyobaki itapanda bei. Lakini miaka ikapita serikali haijengi, akachoka akataka ardhi yake irudi, wakashtakiana mpaka mahakama kuu ya Marekani na mwaka 1886 akashindwa. Mimi huwa namwelewa kabisa yule mzee kwenye hili. Umetoa kitu chako kwa ahadi, unakaa miaka karibu 20 unaangalia majani yanaota.

Hoteli ikafunguliwa Agosti 1892. Ujenzi dola milioni 1.6, vyombo na samani laki nne nyingine, hela za wakati ule. Chumba kilikuwa dola 3 mpaka 5 kwa siku.

Na sasa linakuja la kuumiza. Mwaka unaofuata tu, 1893, bei ya madini ya fedha (silva) ikaporomoka na serikali ya Marekani ikaacha kuyanunua, na Colorado yote ilikuwa inaishi kwa madini hayo. Migodi ikafungwa, benki za Denver zikafunga milango moja baada ya nyingine, watu wakapanda treni wakahama. Brown ana hoteli ya mwaka mmoja, madeni yake bado mabichi, na wateja wake ndo hao wamefilisika. Alihangaika nayo lakini mwisho ikaangukia mikononi mwa Winfield Scott Stratton, tajiri wa dhahabu wa Cripple Creek. Na Stratton naye alianza maisha kama SEREMALA, akawa anatafuta madini miaka na miaka hapati kitu mpaka tarehe 4 Julai 1891, siku ya uhuru wa Marekani, alipopiga alama mgodi wake, ndo maana akauita Independence. Seremala mmoja kajenga, seremala mwingine kaipokea. Stratton akafa 1902, Brown akafa 1906. Baadaye 1922 Charles Boettcher na mwenzake wakainunua, na familia ya Boettcher ikakaa nayo mpaka 1980, nadhani hao ndo waliofanya tuikute leo.

mchungaji_wa_maneno

Nilisikia alijenga kwa hasira, kwamba kulikuwa na hoteli nyingine kubwa Denver inaitwa Windsor, akaenda amevaa nguo za shamba wakamkatalia kuingia, akasema nitajenga kubwa kuliko yenu. Ni kweli?

BintiKumbukumbu

Hiyo inasimuliwa sana na ni tamu kuisikia ila mimi naiweka kwenye fungu la hadithi. Windsor ilikuwepo kweli, ilifunguliwa 1880, ilikuwa ndo kubwa ya mji. Lakini mtu mwenye kiwanja kama kile, mji unakua, treni zinaleta watu kila siku, hahitaji kutukanwa mlangoni ndo ajenge hoteli. Kuna nyingine ya njia ya chini kwa chini kutoka hotelini mpaka jengo la Navarre upande wa pili wa Tremont, ambalo lilijengwa 1880 kama shule likaja kuwa nyumba ya kamari na wanawake. Wanasema mabwana wakubwa walipita chini wasionekane. Nayo ni hivyo hivyo, isikilize lakini usiiapie. La kuvutia zaidi kwangu ni kwamba hilo Navarre nalo alilichora Edbrooke, kwahiyo amesimama na kazi zake mbili zinaangaliana kwenye barabara moja.

nuru_wa_aurora

Jamani asanteni sana, nimemsomea shangazi yote hayo akiwa anakatakata vitunguu, kaacha kisu kabisa. La ng'ombe limemfurahisha kuliko yote.

Ana swali lingine, anasema huo uwazi ni mzuri lakini moto ukiwaka chini si utapanda moja kwa moja mpaka juu kama kwenye bomba la moshi? Kwao aliwahi kuona nyumba imeungua anaogopa sana.

fundi_ramani

Mwambie shangazi hilo ndilo swali wanalouliza wakaguzi wa majengo wenyewe, hajakosea hata neno moja.

Enzi hizo moto ndo ulikuwa adui namba moja wa hoteli. Denver yenyewe iliungua vibaya Aprili 1863, mji wa mbao, baada ya hapo wakaweka sheria ya kujenga kwa matofali, na Brown alikuwa tayari anaishi hapo. Chicago kulikuwa na hoteli inaitwa Palmer House, ilifunguliwa Septemba 1871, ikakaa siku 13 tu ule moto mkubwa wa Chicago ukaimaliza. Siku 13! Watu wote waliotaka kujenga hoteli ya maana baada ya hapo walikuwa wanajua hiyo habari.

Kwahiyo Brown Palace ilijengwa kwa fremu ya chuma, halafu sakafu na kuta za kugawa vyumba wakatumia matofali ya udongo wa kuchoma yaliyo matupu ndani. Sio mbao. Udongo wa kuchoma umeshapita kwenye tanuru, haushiki moto, na ule utupu wa ndani unapunguza uzito na unachelewesha joto lisipite upande wa pili. Tena wanakivalisha chuma hicho hicho udongo, kwa sababu chuma hakiungui lakini kikipata moto sana kinalegea kinajikunja na jengo linakuja chini. Kwahiyo moto ukianza kwenye chumba kimoja unajikuta umefungiwa kwenye boksi la udongo, ukimaliza godoro na mapazia hauna cha kula. Jambo hili lilikuwa geni kiasi kwamba jarida la Scientific American mwaka 1892 liliweka jengo hilo ukurasa wa mbele, hata kabla halijafunguliwa.

Ila shangazi yuko sahihi kwamba moshi ni habari nyingine. Moshi unaua kabla ya moto, na uwazi mrefu unauvuta juu. Leo hii ukitaka kujenga kitu cha namna ile lazima uweke vinyunyizio vya maji, feni za kunyonya moshi juu, na milango inayojifunga yenyewe kati ya korido na ngazi. Nimewahi kuchora jengo moja lenye uwazi wa ghorofa nne tu, hesabu za moshi peke yake zilinichukua wiki tatu.

kijana_wa_lifti

Naona mnasifia sana lakini kitu hicho si kipo kila mahali sasa hivi? Hoteli zote kubwa zina uwazi katikati na lifti za vioo.

fundi_ramani

Kweli, ila angalia tarehe ndugu yangu. Hizo unazosema zilishamiri baada ya mchoraji majengo John Portman kujenga hoteli ya Hyatt Regency ya Atlanta, 1967, uwazi wa ghorofa 22. Miaka 75 baada ya Edbrooke. Katikati hapo wenye hoteli waliuacha kabisa, wakawa wanajenga minara yenye korido za giza na vyumba pande mbili. Na Edbrooke naye hakuwa wa kwanza, San Francisco kulikuwa na Palace Hotel ya 1875, magari ya farasi yalikuwa yanaingia mpaka ndani ya uwanja wake uliofunikwa vioo, ikaungua kwenye moto wa 1906. Lakini ya Denver bado imesimama na bado ni hoteli, unaingia unakaa kitako ndani ya wazo la 1892. Hiyo ndo tofauti na kuona picha.

baba_wa_mapacha

Mimi sina elimu ya majengo ila niwape michezo miwili, maana wanangu ndo wamenifundisha kuliangalia lile jengo.

Wa kwanza wa ndani. Vile vyuma vya nakshi vinavyozunguka korido, ghorofa ya tatu mpaka ya saba, ni vipande zaidi ya 700, vyote mchoro mmoja. Viwili vimewekwa kichwa chini miguu juu. Kimoja wanasema kiliwekwa makusudi kwa sababu binadamu hawezi kutengeneza kitu kikamilifu, cha pili wanasema fundi alikuwa amekasirika. Sababu sijui lakini vipo. Tulikaa pale sakafuni saa nzima na robo mapacha wamelala chali kwenye zulia mimi nikiwaombea radhi kwa kila anayepita, mpaka mmoja akapiga kelele "BABA KILE!" Ujanja ni usitafute kwa kusoma kimoja kimoja, legeza macho uangalie mstari mzima, kilichogeuka kinajitokeza chenyewe kama jino lililokaa upande.

Wa pili wa nje. Simama ng'ambo ya barabara uangalie juu kwenye ghorofa ya saba, kati ya madirisha kuna duara za mawe zimechongwa wanyama wa Colorado, jumla 26, kazi ya mchongaji James Whitehouse. Inabidi uzunguke pande zote tatu kuwapata. Toka chini wanaonekana wadogo, beba darubini kama unayo.

Halafu usiondoke bila kunywa maji ya bomba pale. Hoteli ina kisima chake chini, futi 720, tangu ilipojengwa. Ni ya baridi na hayana ile harufu ya dawa.

nuru_wa_aurora

Fundi_ramani, nimeona mlango wa upande wa Broadway una upinde mkubwa wa kifahari lakini hakuna anayepita pale, sisi tuliingilia Tremont. Ndo ulikuwa mlango mkuu?

fundi_ramani

Ndio, zamani mgeni alishuka Broadway akapita chini ya upinde ule. Sasa hivi hauingiliwi tena, na mimi hilo linanisikitisha kidogo kila nikipita, maana upinde ule ulichongwa ili kumpokea mtu. Mabadiliko mengine wameyafanya kwa heshima. 1934, baada ya pombe kuruhusiwa tena Marekani, wakafungua baa ya Ship Tavern, ndani Boettcher akaweka mifano yake ya meli. 1959 walipotaka vyumba zaidi hawakuligusa jengo, wakajenga mnara upande wa pili wa Tremont wakauunganisha kwa daraja la juu. Mnara wenyewe ni mtupu hauna sura lakini nashukuru walikwenda kuuweka kule.

Kinachohitaji macho sasa ni yale mawe ya mchanga ya Arizona. Jiwe la mchanga linakunywa maji, Denver mchana jua usiku barafu, maji yakiganda ndani ya jiwe yanavimba yanalibandua ganda kwa ganda. Ukuta wa nje umeshafanyiwa ukarabati mkubwa na utahitaji tena, ni kama kunoa kisu, huwezi kusema umemaliza.

BintiKumbukumbu

Nuru, shangazi anaondoka lini? Kama yupo mpaka januari kuna kitu lazima akione. Kila januari Denver wana maonyesho makubwa ya mifugo, na yule maksai aliyeshinda analetwa hotelini, anaingizwa mlangoni kabisa, anasimamishwa kwenye lile tumbo wazi chini ya dari ya vioo, watu wanakunywa chai pembeni yake. Wamefanya hivyo tangu miaka ya 1940. Pale pale mzee Brown alipokuwa akilishia ng'ombe.

nuru_wa_aurora

Anaondoka mwezi wa pili!! Nimemwambia sasa hivi, kanyamaza kidogo halafu kaniuliza kama sakafu ile ya mawe haitamtelezesha ng'ombe wa watu, na kama watamtandikia kitu. Tutaenda tuone.